Mwanzilishi wa chama chetu cha wapenda nyota anang'atuka: tumpateje kiongozi mpya, na tuelekee wapi?

Mtazamambingu (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri wa watu wanaofahamu uchaguzi wa vikundi vya hiari, hasa vikundi vya wapenda nyota na darubini.

Chama chetu kina miaka tisa. Mwanzilishi ndiye mwenyekiti tangu siku ya kwanza, na ametangaza kuwa anang'atuka mwisho wa Novemba. Hatuna ugomvi naye. Kundi la WhatsApp lina watu 140, lakini waliolipa ada ya mwaka huu ni 45. Wengi wako Dar, Morogoro na Arusha, wachache Mombasa, na wapo wawili watatu Muscat na Jeddah. Mali tuliyonayo ni darubini moja ya kioo ya inchi 8 aina ya Dobsonian (ya kusukuma kwa mkono), binokula mbili za 10x50, miwani ya karatasi ya kutazamia jua kama 300, tovuti ndogo, na fedha kidogo ambazo ziko kwenye simu ya mwanzilishi mwenyewe. Katiba ni kurasa mbili. Inasema "viongozi watachaguliwa na wanachama", basi. Njia haikutajwa, muda wa uongozi haukutajwa.

Majina matatu yanazungumzwa. Mmoja anaungwa mkono na wapiga picha, ambao wanataka fedha zote zinunue stendi ya mota inayofuata nyota. Wa pili ni wa kundi la shule. Wa tatu anapendwa na wale wanaotaka tu jioni za kukaa na kutazama anga. Kila upande unaona mwingine ataua chama. Tupige kura kwa njia ipi, nani awe na haki ya kupiga, na mwelekeo wa chama uamuliwe kabla ya kumchagua kiongozi au baada?

---

Kilimia

Kabla ya kura, makabidhiano. Watu hukimbilia kumpata mwenyekiti mpya, halafu wanagundua kwamba hana kitu mkononi cha kuongoza. Mwombe mwanzilishi akae na watu wawili waandike orodha ya kila kitu kinachofunguka kwa simu yake, paswedi yake au sahihi yake.

Anzeni na WhatsApp. Aliyeunda kundi hawezi kuondolewa uadmini na admini wengine. Anabaki admini mpaka atoke mwenyewe. Akiwa admini peke yake na akatoka, WhatsApp inamteua mtu mwingine bila kuuliza, na anaweza kuwa yule ambaye hajasema neno miaka miwili. Kwa hiyo wekeni admini watatu kabla hajagusa kitufe cha kutoka, mmoja wao awe mtu asiyegombea. Kama mna chaneli ya Telegram, umiliki unahamishwa rasmi kwenda kwa mtu mwingine, lakini mwenye chaneli lazima awe ameweka uthibitisho wa hatua mbili kwa zaidi ya siku 7, na simu anayotumia iwe imeingia kwenye akaunti hiyo kwa zaidi ya saa 24. Ukisubiri siku ya mwisho utakuta mlango umefungwa.

Tovuti: mwenye jina la kikoa ni yule aliyeandikwa kwa msajili kuwa mmiliki. Anayejua paswedi si lazima awe yeye. Angalieni jina gani liko pale, barua pepe gani inapokea taarifa ya kulipia, na tarehe ya kuisha. Barua pepe ya zamani ya kazini ndiyo huua tovuti nyingi: mtu kaacha kazi, taarifa inakwenda kwenye sanduku lisilofunguliwa, kikoa kinaachiwa. Mfano unaojulikana duniani ni Freenode, mtandao wa maongezi wa watu wa programu huria. Mei 2021 wasimamizi wake wa kujitolea walijiuzulu kwa pamoja na kuanzisha Libera Chat, na kiini cha mzozo kilikuwa nani ana mamlaka juu ya mtandao ule na jina lake. Walikuwa na ujuzi wote na watu wote, ila jina hawakuondoka nalo.

Fedha. Hizo zilizo kwenye simu yake zisihamishwe kwa kumpa mtu mwingine laini. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA cha mtu mmoja, na likitokea tatizo atakayeulizwa ni yeye. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu, ambapo wawili kati yao wanatosha kutoa fedha. Benki itataka katiba, cheti cha usajili kama mnacho, na muhtasari wa kikao unaotaja majina ya watia sahihi, ukiwa umesainiwa na mwenyekiti na katibu. Ule muhtasari uandikwe siku hiyohiyo ya uchaguzi. Ukiachwa wiki mbili, mtu mmoja anasafiri na mnaanza upya. Kama mmesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Msajili naye apelekewe majina mapya.

Na darubini. Andikeni iko kwa nani, iko katika hali gani, na nani ana funguo za kabati. Kioo cha inchi 8 kikikaa Dar bila kifuniko na bila vifuko vya kunyonya unyevu, kuvu huanza kama madoa madogo ya kijivu pembeni. Mkabidhi na mkabidhiwa wamulike kioo kwa tochi kwa upande, waone pamoja, wapige picha, waweke tarehe. La sivyo miezi sita baadaye lawama haina mwenyewe.

---

Hesabu_Safi

Nakubaliana na Kilimia kwa yote. Sasa kura.

Kwanza daftari. Watu 140 wa kundi si wapiga kura. Wengine waliingia kuangalia picha ya mwezi wakasahau kutoka. Chukueni waliolipa ada, wekeni tarehe ya kufunga daftari, na tarehe hiyo iwe imepita au iwe siku ileile ya tangazo. Mkitangaza kwamba daftari litafungwa baada ya wiki tatu, mgombea mwenye fedha atawalipia watu ada, na hapo hamtakuwa na namna ya kulizuia. Majina ya daftari yabandikwe siku tano ili aliyesahauliwa adai.

Pili, njia ya kuhesabu, na hapa naomba msome polepole. Mna wagombea watatu wenye kambi tatu. Tuseme kura 41 zimepigwa, na kila mtu amepanga wagombea kwa kupendelea:

16: Picha, kisha Jioni, kisha Shule
13: Shule, kisha Jioni, kisha Picha
12: Jioni, kisha Shule, kisha Picha

Mkihesabu chaguo la kwanza tu, Picha anashinda kwa 16. Lakini watu 25 kati ya 41 wamemweka mwisho kabisa.

Mkitumia kumwondoa wa mwisho na kugawa kura zake, Jioni anatoka na 12, kura zake zinakwenda kwa Shule, Shule anapata 25 na kushinda.

Mkiwalinganisha wawili wawili, Jioni dhidi ya Picha ni 25 kwa 16, na Jioni dhidi ya Shule ni 28 kwa 13. Jioni anamshinda kila mmoja ana kwa ana.

Karatasi zilezile, washindi watatu tofauti. Ndiyo maana njia iamuliwe na kuandikwa kabla fomu za kugombea hazijatoka. Baada ya majina kujulikana, kila kambi itapiga hesabu hii na kutetea njia inayoipa ushindi, na hoja zote zitasikika kama za haki.

Kwa chama chenu ningetumia kulinganisha wawili wawili. Mradi wa Debian, ambao ni watu wa kujitolea waliotawanyika duniani wanaotengeneza mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, unamchagua kiongozi wake kila mwaka kwa njia ya namna hiyo. Kwa wagombea watatu kuna jozi tatu tu, kwa wanne jozi sita, kwa watano jozi kumi. Mnahesabu kwa mkono ubaoni. Inaweza kutokea mzunguko, A amshinde B, B amshinde C, C amshinde A. Andikeni mapema mtafanyaje: njia rahisi ni kwamba ushindi mwembamba kuliko wote kati ya hiyo mitatu unafutwa.

Tatu, wapi pa kupigia. Kura ya WhatsApp haifai. Kila mtu anaona nani kapiga nini, na mtu anaweza kubadilisha kura mpaka dakika ya mwisho baada ya kuona upepo. Google Form inafaa ikisimamiwa hivi:

Karani wa kwanza anatengeneza namba za siri 45, herufi na tarakimu tano, bila O wala 0, bila I wala 1, maana watu hukosea. Anamtumia kila mpiga kura namba yake kwa ujumbe binafsi. Yeye haruhusiwi kufungua majibu ya fomu.

Karani wa pili ndiye mwenye fomu. Anaona namba na kura, hajui namba ni ya nani. Kura ikifungwa, anapokea orodha ya namba halali bila majina, anafuta zisizomo, na namba iliyotumika mara mbili anahesabu ya mwisho.

Kosa linalofanyika sana liko kwenye kutangaza. Watu hubandika jedwali la namba na kura ili kila mmoja ahakikishe yake, na papo hapo karani wa kwanza anajua nani alimpigia nani. Ongezeni swali moja kwenye fomu: "Andika neno lolote la siri ulilochagua mwenyewe." Jedwali linalotangazwa liwe na neno na kura tu, safu ya namba ifutwe. Mwanachama anatafuta "embe-dodo" au alichoandika, anaona kura yake imeingia kama alivyoipiga, na hakuna karani hata mmoja anayemfahamu.

Makarani wawe watu wasioishi nyumba moja wala kufanya kazi pamoja. Wasigombee.

---

Mama Zuhura

Hesabu_Safi amefafanua vizuri mno, lakini naomba nipinge kitu kimoja: mnachagua cheo ambacho hakipaswi kuwepo jinsi kilivyo.

Mwanzilishi wa miaka tisa hafanyi kazi ya mwenyekiti. Anafanya kazi za watu watano: anakusanya ada, anajibu walimu, anabeba darubini, anatuliza ugomvi kundini, analipia tovuti. Mkimpa mrithi mmoja mzigo huo wote, ataanza kwa bidii Januari, na kufika Juni simu hazipokelewi. Wala hatakuwa mvivu. Mzigo ule uliongezeka kidogo kidogo kwa miaka tisa, yeye mnamtwisha siku moja.

Tazameni walichofanya watu wa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Guido van Rossum, aliyeianzisha, aliachia uongozi Julai 2018 na hakutaja mrithi. Wanajumuiya walijadili miundo kadhaa, wakapiga kura kuchagua muundo kwanza, kisha mapema 2019 wakachagua baraza la watu watano. Wana kanuni kwamba si zaidi ya wawili waliomo barazani wanaweza kuwa wa mwajiri mmoja. Nyinyi geuzeni kanuni hiyo: si zaidi ya wawili wa mji mmoja. Vinginevyo Dar itachukua viti vyote vitano kwa wingi wake, na Arusha wataacha kulipa ada bila kelele yoyote.

Kwa hiyo kamati ya watano: mratibu, katibu, mweka hazina, mtunza vifaa, mratibu wa shule. Andikeni kando ya kila kiti kazi zake na saa zake kwa mwezi, namba ya kweli, kabla watu hawajachukua fomu. Mtunza vifaa kwa mfano: kunyoosha vioo vya darubini kabla ya kila safari, kuandika anayeazima, kubadilisha vifuko vya unyevu kila mwezi, kukataa kumpa mtu binokula asiyeandika jina. Saa sita hadi nane. Mtu akiona hivyo anajua anaomba nini.

Muhula uwe miaka miwili, lakini mara ya kwanza viti viwili vichaguliwe kwa mwaka mmoja tu. Kuanzia hapo kila mwaka sehemu ya kamati inabadilika na sehemu inabaki na kumbukumbu. Bila hivyo mtarudi hapa hapa baada ya miaka miwili, wote watano wakiondoka siku moja.

Na mwanzilishi? Mpeni ulezi, ni heshima anayostahili na ndiyo mila yetu. Ila katiba iseme mlezi anashauri akiombwa, hana kura kwenye kamati na hana uwezo wa kutengua uamuzi. Hili semeni naye ana kwa ana kabla halijasomwa mkutanoni. Mzee kusikia mpaka wake mbele ya watu kunauma, hata kama mpaka wenyewe ni sahihi.

---

Mtazamambingu

Asanteni sana. Dada Zuhura, hoja ya kamati nimeipenda na nimeipeleka kwa mwanzilishi, hana pingamizi. Mambo mawili yanabaki. Je, akijitokeza mgombea mmoja tu kwa kiti, apite bila kupingwa? Na bado sijajibiwa juu ya mwelekeo. Wapiga picha wanasema wazi kwamba bila stendi ya mota wao wanajitoa.

---

Hesabu_Safi

Asipite bila kupingwa. Kwenye kila karatasi ongezeni chaguo la "Hakuna kati yao", hata mgombea akiwa mmoja. Debian wanalo, na lina kazi mbili. Linampa mshindi uhakika kwamba amekubaliwa kweli, na linawapa wanachama njia ya kukataa bila kulazimika kumtafuta mpinzani wa bandia.

Liunganisheni na akidi. Kanuni ya Debian kwa kiongozi ni hii: chukua kipeuo cha pili cha idadi ya wapiga kura, gawa kwa mbili, zidisha kwa tatu. Kwenu kipeuo cha pili cha 45 ni kama 6.7, nusu yake 3.35; mara tatu ni 10 na kidogo. Mgombea lazima awekwe juu ya "Hakuna" na watu wasiopungua 11. Uzuri wa kanuni hii ni kwamba haiwaangushi kwa sababu ya watu wasioshiriki. Akidi ya nusu ya wanachama inaonekana ya kidemokrasia, lakini vyama vya hiari huishia kuahirisha mkutano mara tatu kwa sababu yake, na viongozi wa zamani wanaendelea kukalia viti kwa kukosekana idadi.

"Hakuna" ikishinda, kiti kinabaki wazi, kamati inakaimisha mtu kwa siku 60, na fomu zinafunguliwa tena kwa kiti hicho tu.

---

Bahari_ya_Utulivu

Niingie kwenye mwelekeo. Jibu langu: amueni mwelekeo kabla ya uchaguzi, tena kwa kutumia kalenda ya anga yenyewe, kwa sababu nusu ya ugomvi wenu Mwezi umeshautatua.

Wapiga picha wa nebula (mawingu ya gesi na vumbi angani) na magalaksi wanahitaji usiku usio na Mwezi. Shule zinahitaji Mwezi. Wiki ya robo ya kwanza ndiyo bora kwa watoto: jua likizama Mwezi uko juu, unabaki mpaka karibu saa sita usiku, na kwenye mstari wa giza na mwanga vivuli vya mashimo vinaonekana virefu, hata mtoto wa darasa la tatu anapiga kelele. Mwezi mpevu haufai, mwanga unaupiga kwa mbele na vivuli vinapotea. Kwa hiyo siku za robo ya kwanza darubini ni ya shule. Wikiendi iliyo karibu na Mwezi mwandamo ni ya wapiga picha na wanaotaka anga jeusi. Hawagombanii kifaa kimoja usiku mmoja hata kidogo. Liandikeni kwenye kanuni za vifaa na lisiachwe kwa hisani ya mtunza vifaa. (Na kwa kuwa wengi wenu mko pwani: watu watawauliza juu ya mwandamo wa Ramadhani. Onyesheni pa kutazama na saa, tangazo waachieni wenye mamlaka ya dini.)

Stendi ya mota sasa. Wapiga picha wana hoja ya haki. Dobsonian haifuati nyota, na anga linazunguka nyuzi 15 kwa saa. Darubini ya inchi 8 yenye urefu wa fokasi milimita 1200, ukiweka lenzi ya jicho ya milimita 12, inakuza mara 100 na inaonyesha kama nusu nyuzi ya anga. Sayari inavuka uwanja huo kwa dakika mbili hivi, kisha usukume kwa mkono. Kwa watoto kwenye foleni hiyo si shida. Kwa picha ya dakika tano ya nebula ni shida kubwa.

Ila kuna jambo ambalo wauzaji wa Ulaya hawalisemi. Stendi hizo zimetengenezwa kwa watu wa latitudo 40 au 50. Mhimili wake unapaswa kuelekea ncha ya anga (sehemu ambayo anga lote huonekana kuizunguka), na kwa Dar, latitudo 7 kusini, ncha hiyo iko nyuzi 7 tu juu ya upeo, ndani ya ukungu na taa za mji. Nyota ya Ncha ya kaskazini haionekani huku, na ile ya kusini iliyo karibu na ncha ni hafifu mno kwa urefu huo. Stendi nyingi hazishuki kirahisi hadi nyuzi 7, na zikishuka, fimbo ya uzani wa kusawazisha inagonga mguu wa stendi. Kabla ya kutoa shilingi moja, waulizeni wapiga picha wenu maswali matatu: modeli hiyo inashuka hadi nyuzi ngapi, mtaelekeza vipi bila kuona ncha, na kati yenu nani anajua kurekebisha kwa kuangalia nyota inavyoteleza. Mtu akijibu yote matatu, mradi wake ni wa kweli na anastahili fedha. Asipojibu, nunueni kwanza kishikio cha simu cha darubini. Mwezi, Mshtarii na Zohali vinapigika video kwa Dobsonian mliyonayo, na mtu akichuja fremu zilizotulia anapata picha nzuri sana.

Namna ya kuwauliza wanachama: msiulize "unapenda nini", kila mtu atajibu vyote. Mpeni kila mmoja kete kumi za kugawa: shule, picha, jioni za kutazama, kupatwa kwa jua, kujenga darubini. Safu ya pili aandike saa atakazotoa yeye mwenyewe kwa mwezi. Watu 45 ni kete 450. Shughuli ikipata kete 150 na jumla ya saa 4, hiyo ni hamu tu, hakuna wa kuitenda. Ikipata kete 60 na saa 40, hapo ndipo chama kilipo, hata kama haipigiwi makofi. Wagombea wapewe jedwali hilo na kila mmoja aandike ukurasa mmoja: atafanya nini nalo, ataacha nini, kwa fedha kiasi gani.

Mwisho, wekeni lengo lenye tarehe. Jumatatu tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kikamilifu kuanzia Hispania na Moroko, kupitia Misri ambako karibu na Luxor giza litazidi dakika 6, hadi Jeddah na Makka, Yemen na ncha ya Somalia. Kwetu Afrika Mashariki litapatwa sehemu tu, mchana. Mwanachama wenu wa Jeddah yuko ndani ya njia, mtumieni. Kisha tarehe 21 Mei 2031 kupatwa kwa pete (jua hubaki duara la mwanga pembeni) kutapita Angola, Kongo, Zambia na Tanzania yenyewe. Waliofika Rujewa, Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016 wanajua pete inavuta watu kiasi gani na miwani inavyoisha mapema. Kamati yenye muhula wa miaka miwili ikianza mwaka huu inaweza kupewa 2027 kama kazi yake kuu.

Na ile miwani 300: kagueni kila mmoja. Iwe na alama ya ISO 12312-2, isiwe na mkwaruzo, tundu wala mkunjo kwenye filamu. Ishikeni mbele ya taa ya kawaida ya chumbani. Mtu asione kitu. Iliyoshindwa jaribio hilo ikatwe na kutupwa. Msiiweke pembeni "kwa dharura", kwa sababu siku ya kupatwa dharura ndiyo hali ya kawaida na mtu ataigawa.

---

Kilimia

Bahari, pongezi. Ile hoja ya mhimili ni ghali kwa wanaoijua baada ya kununua.

Mtazamambingu, kwa ratiba: Debian wanatoa wiki moja ya kujitokeza, wiki tatu za kujadiliana na wagombea, wiki mbili za kura. Kwenu wiki moja, mbili, na siku tano za kura zinatosha, lakini zikitanguliwa na wiki mbili za daftari na kete. Jumla ni karibu wiki sita. Mwisho wa Novemba ukirudisha nyuma, tangazo litoke kufikia Oktoba 16, na siku hiyohiyo admini watatu wawe tayari wamewekwa. Mkimaliza kura Novemba 25 mnabaki na siku tano za benki na za kukagua kioo kwa tochi. Mwanzilishi asitoke kundini kabla ya hapo. Mwombeni atoke baada ya akaunti mpya kupokea fedha na mweka hazina kuthibitisha salio kundini.

Jambo dogo: fomu ya kura ifungwe saa 3 usiku na muandike kabisa "saa 3 usiku, saa za Afrika Mashariki". Jeddah iko saa sawa na sisi, Muscat imetutangulia kwa saa moja, na mkiandika "21:00" pekee au "saa 3" pekee, mtu wa huko atakosa kura yake na atakuwa na haki ya kulalamika.